Vidonge vya ganda la yai: vya kwanza vimepasuka, vya pili "havijaota" kitu kwenye SBF. Ndiyo kusema si bayoaktivu?

MtotoWaTanuri (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko mwaka wa mwisho wa uzamili, uhandisi, upande wa vifaa na malighafi. Kazi yangu ni kutengeneza kauri ya kujazia mfupa kwa maganda ya mayai. Maganda nayapata bure kwenye kibanda cha chipsi mayai hapa Sinza, jamaa ananitunzia kwenye ndoo na kila jioni napita kuchukua. Ganda la yai ni kalsiamu kabonati, kama asilimia 94 hivi. Nayachemsha, navua ule utando wa ndani, nasaga, nachoma nyuzi 900 hewa ya ukaa itoke, inabaki oksidi ya kalsiamu. Hiyo naichanganya na asidi ya fosfori tone kwa tone, napata tope jeupe kama uji wa mtoto, nalikausha, nalikandamiza kuwa vidonge vya upana wa milimita 10, kisha narudi tanurini. Shabaha ni haidroksiapatiti, yaani jamaa wa karibu kabisa wa madini yaliyomo kwenye mfupa wa binadamu: kalsiamu 10 kwa fosforasi 6, uwiano 1.67.

Mzigo wa kwanza ulitoka mzuri mpaka nikauweka status. Siku ya nne kidonge kimoja kikawa na ufa. Wiki ya pili sahani nzima ni unga na vipande, kama biskuti iliyokaliwa kwenye daladala. Hakuna aliyevigusa, vilikuwa kabatini.

Nikarudia hesabu, nikafanya mzigo wa pili, nikachoma nyuzi 1,100. Hivi havikupasuka. Ila XRD, kile kipimo cha eksirei cha kutambua aina ya fuwele, inasema karibu vyote si haidroksiapatiti, ni trikalsiamu fosfati, ile beta-TCP. Nikasema potelea mbali, nikavitumbukiza kwenye SBF, yale maji ya maabara yenye ioni kama za damu, siku 28 nione kama vitaota tabaka la apatiti, yaani madini ya jamii ya mfupa. Hadubini ya elektroni: uso mtupu. Msimamizi wangu kaandika pembeni mwa rasimu kwa kalamu nyekundu: "Si bayoaktivu. Rudia." Yaani havitashikana na mfupa hai.

Miezi minane imeondoka hivyo. Maswali ni mawili: vya kwanza vilipasuka kwa nini, na je, vya pili ni vya kutupa?

---

KavuMishikakiMiwili

Mimi nimeelewa hadi kwenye chipsi mayai. Kuanzia hapo mwanga ulikatika. Naweka kambi.

---

FundiMawe_Unguja

Assalaam alaykum. Mwanangu, mimi si mtu wa maabara, ni fundi wa nyumba za mawe, Mji Mkongwe huku. Swali lako la kwanza nalijua, la pili wakujibu wenyewe.

Sisi tukichoma mawe ya matumbawe tunapata chokaa, na chokaa lazima uizime kwa maji. Unaimwagia inachemka, inatoa moshi, inapasuka yenyewe inakuwa laini. Ukiwa na haraka zitabaki punje hazijazimwa ndani yake. Basi wewe paka ukuta, utakaa mzuri, utalipwa utaondoka. Mwezi haujesha utaitwa: lipu inaruka vipele. Kila kipele ukikifukua, ndani ya shimo utakuta kipunje cheupe. Kilikuwa kinakunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, kikavimba, kikarusha lipu. Ndiyo maana wazee walikuwa wakiiacha chokaa shimoni na maji yake miezi na miezi.

Kidonge chako kina chokaa ndani haijazimwa. Hewa ya pwani imekizima kabatini.

---

Fuwele_Baridi

Shikamoo mzee. Nimesoma miaka mingi kufikia jibu ambalo umelitoa kwa aya mbili.

Mleta uzi, mimi nafanya kazi hizi hizi za kauri za mifupa huku Gothenburg, Sweden. Alichosema mzee ndicho chenyewe. Kalsiamu ikizidi ile 1.67, ziada haina pa kukaa kwenye fuwele ya haidroksiapatiti, inabaki kama oksidi huru. Inakunywa unyevu, inageuka haidroksidi, inavimba, na kauri ilivyo haina simile: haipindi, inapasuka.

Ziada ilitoka wapi? Nijibu: asidi yako ya fosfori ni ile ya chupa ya asilimia 85? Na kwenye hesabu uliihesabu kama 100?

---

MtotoWaTanuri

Shikamooni wote, yaani nimeishiwa pozi. Ndiyo, ya 85. Mzigo wa kwanza niliihesabu kama 100. Wa pili nikarekebisha.

---

Fuwele_Baridi

Basi gawanya: 1.67 kwa 0.85 unapata kama 1.96. Vidonge vyako vilikuwa vimebeba chokaa ya kutosha kupaka choo.

Sasa mzigo wa pili. Asidi ulirekebisha, safi. Ile oksidi ya kalsiamu uliihifadhi kwenye nini, na tangu lini?

---

MtotoWaTanuri

Kopo la maziwa ya unga. Kifuniko kimelegea kidogo. Tangu Machi.

---

FundiMawe_Unguja

Machi hadi masika yote! Hiyo chokaa ilishajizimia zamani, wewe ukipima unapima na maji.

---

Fuwele_Baridi

Mzee ananinyang'anya kazi.

Ni hivyo. Ukipima gramu 10 kutoka kwenye kopo lile hupimi gramu 10 za oksidi, sehemu yake ni maji na hewa ya ukaa vilivyorudi. Na haihitaji kuwa nyingi. Ukipungukiwa asilimia 10 tu ya kalsiamu, kutoka 1.67 unaangukia 1.50, na 1.50 ndiyo trikalsiamu fosfati yenyewe. Ukilichoma tope la 1.50 likapita nyuzi 800, linageuka beta-TCP. Kwa hiyo tanuri lako halikukosea, limekupa ulichoagiza. Kuna na bahati kidogo: ganda la yai lina magnesi, nayo huishikilia beta isikimbilie kugeuka alfa, sura nyingine ya trikalsiamu fosfati, ambayo bila magnesi huanza kwenye nyuzi 1,125 hivi.

Dawa yake ni nyepesi. Pima gramu 5 kutoka kwenye kopo, choma nyuzi 1,000 saa mbili, pima tena ikiwa bado ya moto moto. Kilichopungua si kalsiamu. Fanya hivyo kila siku utakayochanganya.

Swali la pili ni refu, nalirudia usiku.

---

KavuMishikakiMiwili

Nimeanza kurudi kwenye mstari. Kwa hiyo mtu kaenda kununua haidroksi-nanihii, muuzaji kampimia pungufu, kapewa kitu kingine kabisa?

---

MtotoWaTanuri

Na muuzaji ni mimi mwenyewe.

---

Fuwele_Baridi

Nimerudi. Haya, neno "bayoaktivu".

Lilianzia Florida mwishoni mwa miaka ya 1960. Larry Hench, mtafiti wa kauri, alikuwa anakwenda mkutanoni kwa basi, akakaa karibu na kanali aliyetoka Vietnam. Kanali akamwambia, kwa maneno mengine: mnajua kutengeneza vitu vya kuua, hamwezi kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa? Chuma na plastiki mwili ulikuwa unazizungushia utando wa kovu na kuzitenga. Mwaka 1969 Hench akachanganya kioo chenye asilimia 45 ya silika, 24.5 ya oksidi ya sodiamu, 24.5 ya oksidi ya kalsiamu na 6 ya oksidi ya fosforasi. Wakakiweka kwenye mfupa wa paja wa panya. Baada ya wiki sita, aliyewapasua panya alirudi na habari kwamba vipande havitoki: ukivivuta, mfupa hauviachii. Ubayoaktivu asili yake ni hapo: kitu kushikana na mfupa hai bila kovu katikati.

Walipochunguza mpaka wa kioo na mfupa wakakuta tabaka jembamba la apatiti lililojijenga juu ya kioo. Kule Kyoto, Tadashi Kokubo naye akaliona kwenye kioo-kauri chake, akajiuliza: kwa nini niue sungura kila mara, si nitengeneze maji yenye ioni kama za damu nione kama tabaka litaota kwenye chupa? Ndiyo SBF, pH 7.40, nyuzi 36.5. Wazo zuri sana, limeokoa wanyama wengi.

Sasa sikiliza vizuri. Kokubo na Takadama mwaka 2006 walipopitia ushahidi, walitaja wenyewe kwamba beta-TCP haifuati mstari. Inashikana na mfupa wa mnyama vizuri kabisa, lakini kwenye SBF mara nyingi haioti kitu. Mwaka 2009 Marc Bohner na Jacques Lemaître wakatoka na makala ambayo kichwa chake kinauliza kama kweli ubayoaktivu unaweza kupimwa kwa SBF. Hoja zao zina uzito. SBF haina protini hata moja, wakati kwenye mwili kitu cha kwanza kugusa kauri ni protini. Inashikiliwa pH yake na kemikali ya Tris, siyo na hewa ya ukaa kama damu. Bikaboneti ya damu ni kama milimoli 27 kwa lita, ya SBF ni 4.2. Na maji yenyewe yameshajaa apatiti kupita kiasi, yanatafuta tu pa kuitua. Kuna siku hutua hata kwenye chupa.

Kwa hiyo msimamizi wako, kwa heshima zote, amesoma kipimo kama hukumu. Alichotakiwa kuandika ni "haikuota apatiti kwenye SBF kwa siku 28". Hilo ni kweli na liandike. "Si bayoaktivu" ni sentensi nyingine.

Pia nina wasiwasi na hiyo SBF yako. Uliichanganyia kwenye nini?

---

MtotoWaTanuri

Bika ya kioo. Nilipoweka kalsiamu kloridi ilipata ukungu kidogo, nikakoroga ukungu ukaisha nikaendelea.

---

Fuwele_Baridi

Ndugu yangu. Ukungu ukitokea, mwaga. Hapo ioni ulizohesabu zimeshaanza kutulia pembeni, huna tena SBF, una maji ya chumvi yenye historia. Chombo kiwe cha plastiki, kioo chenye mikwaruzo kinaota apatiti chenyewe. Chumvi zinaingia kwa mpangilio, moja iyeyuke ndipo ifuate nyingine, asidi hidrokloriki inatangulia kalsiamu, Tris ya mwisho, na Tris unaitia kidogo kidogo ukiangalia joto na pH. Ukiimwaga kwa pupa pH inaruka na ukungu unakuja.

Jipya: rudia SBF, na safari hii weka kidonge cha kulinganisha ambacho unajua kinaota. Bila hicho, uso mtupu haukuambii kama mwenye kosa ni kidonge au maji.

---

DaktariWaMifupa_Bara

Nimesoma yote, nimecheka, nimejifunza. Niwape upande wa meza ya upasuaji.

Wagonjwa wangu wengi ni bodaboda. Mfupa wa muundi umesagika, kipande kimepotea barabarani au tumekitoa kwa sababu ya usaha. Pengo likiwa dogo najaza kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, nakwangua ukingo wa nyonga. Hakuna kinachoushinda mpaka leo, una seli hai ndani yake. Lakini hautoshi ukiwa na pengo kubwa, na mgonjwa anakuja na kidonda kimoja anaondoka na viwili. Wengine mguu unapona, wanabaki wananilalamikia nyonga.

Punje za kauri zinapopatikana naziongezea humo. Mnataka kujua inavyokuwa? Ni punje nyeupe, kavu, zinakwaruza kwenye bakuli la chuma. Nachota damu ya uboho, nazilowesha, nakoroga na kijiko. Baada ya dakika chache zimeshikana, nyekundu, zinang'aa. Kila nikifanya hivyo nesi wangu wa Tanga anasema "daktari ubuyu umeiva". Na kweli ni ubuyu mtupu.

Sasa, kwangu mimi swali si kama punje imeota apatiti kwenye chupa huko Sinza. Swali ni kama ina matundu yanayopitana, mishipa ya damu ipite. Matundu ya mikroni 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa uchache, 300 na zaidi ndiyo raha. Kidonge chako ulichokandamiza kikawa kigumu kama kigae, hata kiwe haidroksiapatiti safi namna gani, mfupa utakigusa nje tu. Pili, kinaondoka lini? Salfati ya kalsiamu, yaani ndugu wa lile hogo tunalofunga nje, ukiiweka ndani inayeyuka kwa wiki chache, mara nyingi kabla mfupa haujafika, na kidonda kinaweza kutiririka maji meupe mpaka ndugu wa mgonjwa wakadhani ni usaha. Wajerumani waliijaribu tangu 1892. Haidroksiapatiti iliyochomwa sana inakaa miaka. Beta-TCP inakuwa katikati: seli zinazomung'unya mfupa zinaimung'unya nayo, kwa miezi hadi mwaka au miwili, na mfupa unafuata nyuma. Kwa hiyo hicho unachoita kosa, sisi tunakinunua kwa fedha nyingi. Michanganyiko ya haidroksiapatiti na beta-TCP, 60 kwa 40, ipo madukani miaka mingi.

La tatu: haibebi uzito. Msimwambie mtu yeyote kwamba ganda la yai litachukua nafasi ya sahani na skurubu.

---

MguuMmojaNusu

Daktari samahani, naingilia. Nilivunjika chini ya goti, sehemu ikadidimia, nikafungwa sahani 2021 na nikajazwa hizo punje. Hospitali niliyotibiwa hakuna aliyenieleza, niliambiwa tu "umewekewa mfupa". Mwaka jana nimepiga eksirei, punje bado zinaonekana, nyeupe pee. Nimekaa mwaka mzima najua mfupa wangu haujaunga. Natembea vizuri lakini naogopa kubeba hata ndoo.

---

DaktariWaMifupa_Bara

Pole sana ndugu. Sijaona picha zako kwa hiyo sikutibu hapa, ila kitu kimoja nikutoe hofu: kuonekana kwa punje si ushahidi kwamba mfupa haujaunga. Aina ya haidroksiapatiti huwa nyeupe kuliko mfupa kwenye picha na hukaa miaka, mfupa ukiwa umeshaizunguka na kuingia kwenye matundu yake. Tunachotafuta sisi ni kama kuna mstari mweusi kati ya punje na mfupa, kama eneo limeendelea kudidimia, na kama unakanyaga bila maumivu. Nenda kwa daktari wa mifupa na picha ZOTE MBILI, ya 2021 na ya mwaka jana, azilinganishe. Na mwombe akwambie jina la ulichowekewa, liko kwenye faili lako na ni haki yako.

---

Gego_la_Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni wa meno, nina jambo la kuchokoza. Nyote mnaikimbia chokaa. Sisi twaitafuta!

Jino likitoboka mzizi, twaziba kwa MTA, aliyeileta ni Torabinejad pale Loma Linda, California, miaka ya 1990 mwanzoni. Mwaijua ni nini? Ni silikati za kalsiamu, ukoo mmoja na simiti ya Portland ya kujengea, imesafishwa na kutiwa oksidi ya bismathi ionekane kwa eksirei. Ikishika inatoa haidroksidi ya kalsiamu, chokaa iliyozimwa ya mzee wetu, pH inapanda hadi 12 hivi. Bakteria hawaipendi, na jino linajibu kwa kujenga ukuta mgumu. Ile ziada iliyovunja vidonge vya mleta uzi, kwangu ndiyo dawa. Yategemea iko wapi na inatoka kwa kasi gani.

---

FundiMawe_Unguja

Simiti mdomoni! Nitawambia wajukuu.

Na hayo matumbawe yetu, hayafai kwa mifupa? Ukilikata jiwe la tumbawe lina vitundu ndani kama mfupa wa ng'ombe hasa.

---

Fuwele_Baridi

Mzee, yanafaa na yametumika. Della Roy na Linnehan mwaka 1974 walichukua matumbawe wakayapika kwenye maji ya fosfati kwa joto na mgandamizo mkubwa, kabonati ikabadilishwa kuwa haidroksiapatiti na vitundu vikabaki vile vile. Bidhaa zilitoka. Na jambo lililonifanya niipende fani hii lilitokea Afrika hapa hapa: Ugo Ripamonti, Witwatersrand, Johannesburg, aliweka kauri ya namna hiyo ndani ya misuli ya nyani, mahali pasipo na mfupa hata kidogo. Mfupa ukaota humo. Alichapisha 1991. Kemikali peke yake haielezi hilo. Umbo la vile vitundu, vibonyeo vyake, lina kazi yake. Daktari hapo juu anaposema matundu, anasema kitu kizito.

Ila vijana msikimbilie miambani na nyundo. Tumbawe hai halikatwi, na mayai ya chipsi yapo.

---

MtotoWaTanuri

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Gramu 5.00 kutoka kwenye kopo, nimechoma, nimebaki na 4.47. Kwa hiyo nilikuwa napunjwa karibu asilimia 11. Kopo nimelitupa, sasa nachanganya siku ile ile ninayochoma.

SBF nimerudia kwenye plastiki, haikupata ukungu. Nimeweka vidonge vyangu vya beta-TCP pamoja na kipande cha kioo cha Hench nilichoazima maabara jirani. Siku ya saba kioo kimevaa koti la vipele vyeupe, vidonge vyangu bado uchi. Angalau sasa najua maji ni mazima.

Nimempelekea msimamizi hesabu zote na ile makala ya 2009. Alikaa kimya kama dakika tano akisoma. Kisha akafuta "Si bayoaktivu" kwa kalamu ile ile nyekundu, akaandika "Uwiano wa Ca/P kila mzigo? Matundu? Seli?" Kazi imeongezeka lakini nimeondoka natabasamu.

Mzigo wa tatu nachanganya tope na wanga wa muhogo, uungue tanurini uache matundu. Daktari, nikipata punje nzuri naweza kukuletea ujaribu?

---

DaktariWaMifupa_Bara

Hapana, na usimpe mtu yeyote. Kwanza pima madini mazito: viwango vya kauri za mifupa vinataka aseniki isizidi sehemu 3 kwa milioni, kadmiamu 5, zebaki 5, risasi 30. Hujui kuku wale walikula nini. Baada ya hapo seli, halafu wanyama, na kamati ya maadili kila hatua. Ikifika hapo nitafute, nitakuja mwenyewe.

---

KavuMishikakiMiwili

Nimepita pale kibandani Sinza leo. Jamaa anauliza ndoo ya maganda imejaa, mbona siku hizi huji?

---

MtotoWaTanuri

Mwambie kesho saa moja. Aniwekee na kavu.